Nilianza na kata yetu: uzoefu wangu wa kuhariri Wikipedia ya Kiswahili

Kitu cha kwanza kuhariri kilikuwa namba moja tu. Nilifungua makala ya kata yetu nikakuta mistari mitatu, na idadi ya wakazi ni ile ya sensa ya 2012, ilhali matokeo ya 2022 yameshatoka. Nikabonyeza alama ya kalamu, nikaandika namba mpya, nikataja taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye marejeo, nikahifadhi. Hadi leo ipo.

Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi namwambia: fungua akaunti, kisha rekebisha kitu kidogo unachokijua na chenye ushahidi. Makala nyingi za Kiswahili bado ni "mbegu", yaani makala fupi zinazosubiri kukuzwa, kwa hiyo kazi haikosekani. Wanaoanza na ukurasa mzima wa kumsifu ndugu au bosi wao huishia kuuona umefutwa.

Mimi nilikosea kwa namna nyingine. Kwenye makala ya Pangani nilibandika aya mbili nilizozitoa katika tovuti fulani. Kesho yake hazipo. Niliumia sana, mpaka nilipofungua historia ya ukurasa nikaona sababu imeandikwa: hakimiliki. Aliyeziondoa alikuwa na haki. Nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano, nikauliza, nikaweka sahihi yangu kwa viwimbi vinne (~~~~), nikajibiwa kwa upole. Nikaandika upya kwa maneno yangu, nikataja kitabu na ukurasa wake, kwamba Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani. Safari hii hakuna aliyegusa.

Lakini kuna jambo linaniuma hadi sasa. Bibi yangu alinisimulia mengi ya pwani yetu ambayo sijayaona katika kitabu chochote, na Wikipedia haipokei habari ambayo haijachapishwa mahali pengine. Kanuni naielewa, maana bila hiyo kila mtu angeandika lake. Ila kwetu sisi, ambao historia yetu kubwa imo vinywani mwa wazee, inabana. Nimeanza kuyarekodi masimulizi yale nikitafuta gazeti au jarida la kuyachapisha kwanza.

Jambo jingine ni tafsiri. Kipo chombo cha kutafsiri makala kutoka Kiingereza, kinasaidia, lakini ukiacha sentensi zilivyotoka kwenye mashine, msomaji anakwama mstari wa pili. Mimi husoma kwa sauti. Nikijikwaa, naivunja sentensi na kuijenga upya. Kwa simu, andika kwanza pembeni, mtandao ukikatika usipoteze kazi. Na kisanduku cha muhtasari usikiache kitupu: maneno matatu kama "nimesahihisha mwaka wa sensa" yanamtoa wasiwasi anayekagua mabadiliko.

Kwa wanafunzi, Wikipedia ni mlango mzuri sana. Shuka hadi kwenye marejeo, ufungue vyanzo vyenyewe, ndivyo uvinukuu.

Mwezi uliopita nilipiga picha ya boma la zamani la Pangani nikaipakia Wikimedia Commons, hazina ya picha ya pamoja ya Wikipedia zote, ambako picha ya kwako mwenyewe inakubaliwa ukiitoa kwa leseni huru. Sasa Wikipedia ya lugha yoyote inaweza kuitumia.