Uzoefu wangu na Pauper: deki nyekundu ya kadi za kawaida tupu

Nimecheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mchezaji huja na deki (fungu la kadi) aliyoijenga mwenyewe, kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimeshashindwa kabla ya kukaa mezani. Nilikuwa nachukua orodha ya deki iliyoshinda mashindano, halafu kila penye kadi ya bei mbaya naweka inayofanana nayo kidogo. Hapa moja, pale mbili, mwisho kadi kama 20 kati ya 60 zilikuwa za kushikiza tu. Rahisi ghali. Mbadala wote ule uliishia kwenye boksi, na nilipojumlisha nilichotumia niliona ningeweza kujenga deki nzima nzuri mahali pengine.

Mahali hapo pengine ni Pauper, na naandika haya kwa sababu naamini wengi wanatafuta deki ya bei nafuu kwa njia ile ile iliyonipotezea muda. Pauper ni namna ya kucheza Magic inayoruhusu kadi za daraja la kawaida (common) pekee, yaani zile zinazopatikana kwa urahisi zaidi. Ilikuzwa na wachezaji wa mtandaoni, na mwaka 2019 ikapewa kanuni rasmi moja kwa kadi za karatasi na za mtandaoni. Kadi 60 au zaidi, 15 za akiba za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo, nakala zisizozidi 4 za kila kadi ukiacha ardhi za msingi, yaani kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mpinzani naye anabanwa na sharti lile lile. Hakuna anayekuja na kadi ambayo wewe huwezi kuifikia.

Kuna jambo moja la kujua kabla ya kununua. Daraja la kadi husomwa kwenye alama ya seti (toleo la kadi) iliyo chini ya picha, upande wa kulia: nyeusi ni kawaida, fedha na dhahabu ni madaraja ya juu. Lakini kadi ikishachapishwa hata mara moja kama ya kawaida, nakala zake zote zinaruhusiwa, hata ile yenye alama ya dhahabu. Kwa hiyo kagua boksi lako kwanza. Mimi nilikuta Lightning Bolt tatu nilizokuwa nimezisahau.

Nilichagua deki ya moto, nyekundu tupu, na sikuichagua kwa bei peke yake. Nilipenda hesabu yake. Mchezaji anaanza na uhai 20. Lightning Bolt, iliyokuwepo tangu seti ya kwanza ya mwaka 1993, inagharimu mana moja na inapunguza uhai 3. Lava Spike ni hivyo hivyo, ila inampiga mchezaji tu na unaishusha kwenye zamu yako. Rift Bolt, ukikubali kuisubiri zamu moja, nayo ni mana moja kwa 3. Sasa tazama: ukianza wewe, kufikia zamu ya nne umeona kadi 10. Deki yangu ina Mountain 18, ardhi ya msingi ya nyekundu, kati ya kadi 60, maana yake katika kadi 10 wastani ni ardhi 3. Zinabaki kadi 7 za moto, na saba mara tatu ni 21. Ardhi tatu hizo zinakupa mana 1, 2, 3, kisha 3 tena, jumla 9, na kadi saba zinahitaji 7. Nilipoiona hesabu hii nilielewa kwa nini deki hii haidai kadi ya ajabu hata moja. Kila kadi inafanya kazi ile ile, basi hakuna pengo la kuziba na mbadala.

Kununua nilinunua kadi moja moja, si pakiti zilizofungwa. Pakiti ni raha ya kufungua, nami bado naipenda raha hiyo, ila huwezi kujenga deki kwa kubahatisha nakala nne za kadi unayoitaka. Agizo langu la kwanza lilinitia hasira: Fireblast moja kati ya nne ilikuja imepinda, na muuzaji alikuwa ameandika kwamba ni kama mpya. Unaweza kudhani ni jambo dogo. Niliiweka kwenye kifuko cha plastiki kama zenzake, nikachanga kadi, na kila nilipokata vidole viliishia palepale. Kadi inayotambulika kwa kuguswa haifai kwenye mashindano. Ilibidi ninunue nyingine, na tangu siku hiyo naomba picha ya kadi kabla ya kulipa.

Katika kadi za akiba sikubana matumizi. Pyroblast kwa wenye deki za bluu, Smash to Smithereens kwa wanaotegemea vifaa, maana inavunja kifaa na kumpiga mwenyewe 3 hapo hapo. Kuhusu kupigwa marufuku, hatari ipo: kadi nyekundu Monastery Swiftspear iliondolewa Pauper mwaka 2023, mwaka mmoja tu baada ya kushushwa daraja hadi kawaida. Ila hasara ya kadi nne za kawaida inavumilika.

Udhaifu wa deki hii nilifundishwa na mchezaji mmoja mwenye deki ya kijani. Alikuwa na uhai 8, mimi nina Mountain tatu na kadi tatu mkononi. Nikashusha Lava Spike, akabaki na 5. Lightning Bolt, 2. Nikatoa Mountain mbili kafara ili kuishusha Fireblast, inayopiga 4. Kabla haijatua akajibu kwa Weather the Storm, ambayo inaongeza uhai 3 na kujirudia kwa kila kadi iliyotangulia katika zamu hiyo. Mara nne: 12. Akafika 14, Fireblast ikamshusha hadi 10, nami nimebaki na Mountain moja na mkono mtupu.

Tulikutana tena wiki mbili baadaye. Alikuwa na uhai 5 na Forest mbili, ardhi za kijani, ambazo hajazitumia. Rift Bolt nilikuwa nimeshaiweka kando kwenye zamu yangu. Mwisho wa zamu yake nikampiga Lightning Bolt moja peke yake. Akajibu kwa Weather the Storm ile ile, safari hii ikampa 6 tu, akasimama kwenye 8, na Forest zake zote mbili zimeshatumika. Zamu yangu ikaingia: Rift Bolt, 5. Lava Spike, 2. Kisha Mountain mbili kafara.