Kitabu cha Dar es Salaam kisicho na Kariakoo

Niseme mapema: kitabu chenyewe kizuri, hasira zangu ni za duka. Ingawa hata huko kiwandani kuna mtu alisinzia, msinisahaulishe hilo.

Nilikinunua miezi kadhaa nyuma, mitaa ya Posta, kimefungwa nailoni kama mkate. Historia ya Dar tangu ikiitwa Mzizima. Nilimnunulia baba, mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu; macho yamechoka, kwa hiyo namsomea jioni baada ya chai.

Tulianza vizuri mno. Sultani Majid anaujenga mji miaka ya 1860, anafariki 1870, mrithi wake Barghash anaupa kisogo. Mwandishi anajua kusimulia, simnyimi haki yake. Nilikwenda nacho hadi Boma la Kale, Sokoine Drive, nikasimama mbele ya mlango wa nakshi nikipapasa zile kuta za matumbawe. Miaka yote napita pale kwenye daladala, sijawahi hata kugeuza shingo!

Sasa ukurasa wa 96, mstari wa mwisho: Waingereza wameuteka mji mwaka 1916, na wale wapagazi wa... Nageuza, nakuta ukurasa wa 81. Wajerumani upya! Makao makuu yanahama tena kutoka Bagamoyo, 1891, na sanamu ya gavana wao Wissmann inasimamishwa tena pale ilipo sanamu ya Askari leo. Nikapekua hadi 96 ya pili. Unaofuata ni 113: soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli linafunguliwa, 1975. Basi. Jina la Kariakoo limetokana na hao hao wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na ndio waliodondoka!

"Mbona umenyamaza? Malizia," baba akasema.

Nikakirudisha dukani. Kijana wa kaunta akaweka simu pembeni kwa shida, akalamba kidole, akahesabu.

"Mama, mbona idadi ya kurasa imetimia?"

"Mwanangu, ukiuziwa viatu vyote vya mguu wa kushoto, idadi si imetimia?"

Hakucheka. Akanigonga na risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Eti ningekikagua kabla ya kulipa. Nikikague vipi wakati ukutani mmebandika karatasi, usichane nailoni? Hapo akajifanya ana huruma: anaweza kunitolea kopi ya kurasa zilizokosekana, ila nilipie. Atazitoa wapi? Akageuka, akashusha kwenye rafu nyuma yake nakala nyingine, nzima. Ipo! Alikuwa ameiegemea muda wote tunabishana! Nikamwambia tubadilishane basi. Akasema hiyo ni ya kuuza.

Niliondoka bila salamu, na mimi si mtu wa hivyo.

Kwa hiyo msikinunue. Au kinunueni, maana sura ya Majid peke yake inalipa hela yote, lakini si pale, na nailoni ichaneni mbele yao, wakipiga kelele pigeni zenu. Nilitaka kutoa nyota moja. Nimeweka tatu. Nikikumbuka ile rafu, narudisha mbili.

Juzi baba kaniuliza kama wapagazi wameshafika. Nimemwambia bado wako njiani.