Katoni yasema 120, kioo chasema 60

Nilinunua TV ya inchi 55 kwenye duka moja upande wa Mwembe Tayari, na kilichonivuta ni ile 120, yaani mara ambazo kioo hujichora upya kwa sekunde, iliyoandikwa kwa herufi nono kwenye katoni. "Kaka, hii mpira hauachi mkia," muuzaji akaniambia. Nikalipa, nikaikumbatia ndani ya tuktuk mpaka Majengo.

Usiku ule tukaweka filamu. Dakika kumi hazijaisha, mke wangu akauliza, "Hii ni filamu ama video ya harusi?" Kweli, watu walikuwa wakitembea kama wanateleza. Filamu za sinema hupigwa fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde, tangu sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, na macho yetu yameuzoea mwendo huo. TV yangu ilikuwa ikibuni fremu za kwake na kuzipachika katikati. Nikaingia kwenye mipangilio ya picha, nikazima kile cha kulainisha mwendo, harusi ikaisha.

Lakini palibaki kitu. Kamera ikizunguka polepole, tuseme inapita juu ya mji, majengo yanakwamakwama. Mpwa wangu akaja na laptopu yake, akachomeka waya wa HDMI, akafungua mipangilio ya skrini: hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, hakuna ya juu zaidi ya kuchagua. Akashusha picha hadi 1080p, picha nyepesi zaidi, waya usije ukasingiziwa kwamba umezidiwa. 60 vilevile. Kumbe kioo hujichora upya mara 60 tu kwa sekunde. Ile 120 ni hesabu ya kampuni ya kuuzia, si kasi ya kioo chenyewe. Na 24 haiingii sawasawa ndani ya 60, kwa hiyo fremu moja hushikiliwa mara tatu, ya pili mara mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndiyo sababu ya kukwama. Kioo cha 120 ya kweli kingeshikilia kila fremu mara tano, basi.

Upande wa mpira makosa yalikuwa yangu. King'amuzi nilikiweka 60, na matangazo ya kwetu Kenya huja kwa 50, kwa hiyo pasi ndefu ilikuwa ikiruka kama mawe ya kuchezea baharini. Nilipokirudisha 50, mpira ukatulia. Ulainishaji wa mwendo nimeuacha kidogo tu kwa mechi. Ukiupandisha, mpira unavaa kivuli.

Rangi nzuri, sauti ya kawaida, rimoti ndogo mno kwa vidole vyangu. Kwa bei niliyolipa sijutii sana, ila ningejua ningechukua ya bei ya chini yenye 60 iliyoandikwa wazi.

Nilipita dukani kumweleza muuzaji. "Shekhe," akasema, akigonga katoni nyingine kwa kidole, "si imeandikwa hapa 120?"