Migebuka ya mama wa Kibirizi: utamu uleule, samaki kapungua

Nianze na lawama kabisa maana Jumamosi nilienda pale na hasira zangu. Sahani ya ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga niliyokua nakula kwa buku tatu sa hivi ni buku tano, halafu mgebuka wenyewe mdogo, wa zamani kichwa kilikua kinatokeza huku mkia unatokeza kule, huu wa sa hivi unalala wote ndani ya sahani na nafasi inabaki. Nikasema leo lazima niandike watu wajue.

Kwa wasiopajua, ni kibanda tu hakina hata bango. Ukifika Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, pale boti za Gombe zinapopakia usielekee majini, panda juu kama unarudi barabarani, uliza mama wa migebuka, kila mtu atakuonyesha. Zamani ilikua huna haja ya kuuliza, alikua chini kabisa ufukweni unakula miguu iko kwenye mchanga. Pale hapapo tena. Sisemi pamefungwa, hapapo, pako ndani ya ziwa.

Nikakaa kwenye benchi lake lilelile la siku zote, nikaangalia chini nikaona miguu ya benchi ina rangi mbili, chini nyeusi imeanza kuoza, juu iko kawaida, na mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Nikamuuliza mama hii nini. Akacheka. "Hapo ndo maji yalifika usiku wa kwanza, mwanangu. Tukajua asubuhi yatarudi."

Kashahama mara mbili. 2021 ziwa lilipopanda akavuta kibanda nyuma akajua yameisha, akajenga na jiko la tofali. Zikaja mvua za El Nino za 2023 kuingia 2024, ziwa likamfuata, jiko likaenda, choo kikajaa maji, na jirani yake aliyekua anaanika dagaa chanja zote zikazama, akabeba watoto akarudi kwao Kasulu na mpaka leo kimya. Wazee watakwambia ziwa lilishapanda hivi 1964 na ni kweli kabisa, Tanganyika mlango wake wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi maji hayana haraka ya kuondoka. Ila kusema yalishawahi kutokea hakumrudishii mtu jiko. Aprili 2024 Waziri Mkuu alisema bungeni mvua zile na mafuriko yake zimeua watu 155 nchi nzima. Mama hajafa, kapoteza jiko, choo, jirani na nusu ya wateja, sasa sijui hiyo inaandikwa kwenye daftari gani.

Tuje kwenye udogo wa samaki maana ndo uliniuma. Nikamwambia mama mbona unatupunja, hakukasirika, akafunua beseni nikaangalia mwenyewe, wote ndo saizi ileile. Mwanae alikua kwenye kipe, anavua usiku na taa, sa hivi anaendesha boda. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane, mama alipika maharage, na nani anatoka mjini aje Kibirizi kula maharage? Uvuvi umezidi na nyavu za macho madogo zipo, hilo sibishi. Ila kuna na joto. Angalia bakuli la mchuzi likikaa, mawese yanapanda juu yanatulia pale, usipokoroga hayachanganyiki na kilicho chini. Ziwa nalo liko hivyohivyo, maji ya juu yakipata joto yanaelea, upepo wa kiangazi unashindwa kuyakoroga vizuri, na chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa kinabaki chini gizani. Watafiti wameliandika hili toka 2003. Dagaa wakipungua na mgebuka anayewala anapungua, mimi nalalamikia sahani.

Haya, msosi wenyewe. Hapo sina neno aisee. Anamchanja mgebuka mistari mitatu kila upande, chumvi, ndimu, anamwacha kidogo, halafu mawese yanachemka mpaka yanatoa kamoshi ndo anamtumbukiza, ngozi inakua kavu inalia kwenye meno ila ndani nyama laini bado ina maji yake. Ugali hauna punje hata moja ya mchanga, na ukila ugali wa muhogo huku kwetu unajua hiyo siyo kitu kidogo. Pilipili yake ya kusaga nendeni nayo taratibu.

Mabaya: choo hana mpaka leo, unaenda kwa jirani unalipia mia mbili. Kivuli ni turubai lenye tundu, saa nane mchana jua linakuchoma shingo mpaka unakula umeinama, kwa hiyo wahi kabla ya saa sita, na samaki pia wanakua bado wapo. Malipo ya simu hapokei, beba keshi, na beba iliyokamilika.

Nyota nne. Ile moja nimeibana, jero yangu ya chenji iko kwake toka Jumamosi.