Toyota Aqua ya mkononi: nilivyoikagua, na miezi 14 baadaye

Kila niliyemwambia nataka haibridi, gari la petroli na umeme, aliniuliza swali lilelile: "Betri ikifa je?" Fundi wangu wa mtaani alicheka tu, akasema magari hayo yeye haligusi hata moja. Mimi nikaendelea, maana lita ya petroli ilishapita shilingi 3,000 na kila siku natoka Mbagala kwenda Mwenge, hapa Dar es Salaam. Anayeijua njia hiyo anajua foleni ninayoisema.

La kwanza nililiona kwenye yadi moja. Aqua nyeupe ya 2013, inang'aa, dashibodi inasoma kilomita 68,000. "Bosi, hili limeshuka melini juzi," akaniambia kijana wa pale. Nikaipiga picha namba ya chesisi (huanza na NHP10), nikalipia kutafutiwa karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha hali ya gari lilipouzwa kule. Ikaja: kilomita 141,000, daraja R, yaani lilishagongwa likanyooshwa. Sikurudi hata kuaga.

La pili lilikuwa la mwalimu mmoja huko Tabata, namba D (lilishasajiliwa hapa nchini), kilomita 127,000, na usukani uliochubuka ukikiri hivyohivyo. Hapo nikajifunza kwamba haibridi haikaguliwi kwa kusikiliza mlio. Ukiwasha, dashibodi inakuandikia READY na gari linakaa kimya. Injini itaamka ikitaka. Nilimwomba asiliwashe tangu jioni, nikafika alfajiri likiwa la baridi. Injini ikiamka inatetemeka na kukohoa sekunde za mwanzo, huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, ugonjwa ambao Prius ya 30, haibridi nyingine ya Toyota, imeupatia jina. Hili liliamka vizuri.

Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma: seli 120, volti 144. Nilikuwa nimenunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu, nikaweka programu ya kusoma volti za makundi ya seli. Tukapakia watu wanne, kiyoyozi juu kabisa, tukapanda mlima wa Chuo Kikuu. Gari likiwa limesimama, betri mbovu hujificha. Ikibebeshwa mzigo, kundi bovu huporomoka peke yake huku wenzake wakivumilia. Tofauti ikizidi volti moja, mimi nisingebishana bei, ningeondoka. Hapa ilicheza kwenye 0.3. Angalia na vile vipau vya chaji: vikishuka upesi hadi viwili, halafu vikapanda tena ghafla, betri imechoka hata kama hakuna taa inayowaka. Taa hufutwa kwa mashine kabla hujafika.

Kilichonishtua ni feni. Betri hiyo hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Nilipofungua kifuniko nikakuta vumbi limeshikana kama blanketi, na karatasi ya pipi juu yake. Mwenye gari hakujua kama kuna feni! Watu wanaogopa betri kufa, na kinachoiua kimelala pale wanapokalia watoto. Tulisafisha kwa brashi, nikapima tena siku ya pili, ndipo nikatoa hela. Nilivuta pia mikanda ya viti hadi mwisho kutafuta tope. Mji huu una Jangwani, bonde linalofurika, na gari lililoogelea halifai, sembuse lenye nyaya za umeme mkubwa.

Sasa miezi 14. Kwenye foleni napata kilomita 20 hadi 22 kwa lita. Nikienda Morogoro kwa mwendo inashuka kwenye 18, jambo ambalo wenye IST, gari la petroli tupu linalokula zaidi kwenye foleni, hawaliamini. Ile 35.4 kwa lita waliyotangaza Wajapani gari lilipotoka waiache hukohuko. Pedi za breki ni zilezile, maana kupunguza mwendo kwingi kunafanywa na mota ya umeme. Hakuna stata wala altaneta ya kubadilisha. Kilichokufa ni betri ndogo ya volti 12: asubuhi moja dashibodi iliwaka taa zote kama bajaji ya usiku, gari halisogei, moyo ukanienda mbio nikijua ndiyo ile siku niliyotabiriwa. Betri ndogo mpya, likaondoka.

Ninalolilaumia ni kimo. Sentimita 14 kutoka ardhini ni kidogo mno kwa barabara zetu za ndani. Masika nalilaza kwa jirani aliye karibu na lami, namalizia kwa miguu na viatu mkononi. Na buti ni ya mzaha.

Fundi wangu bado hajaligusa. Ila juzi alikuja kuazima kwangu kile kifaa cha kupimia betri. Ana mteja anataka Prius.