Bango la mchoro wa Menzel wa kiwanda cha chuma: rangi nzuri ila wamekata watu wanaokula

Nyota mbili kati ya tano.

Niliagiza hili bango mtandaoni baada ya kuiona picha yenyewe Berlin, pale Alte Nationalgalerie, jumba la makumbusho ya sanaa, nikasema lazima iwepo sebuleni kwangu. Ni ile ya Adolph Menzel, mchoraji wa Kijerumani, kaichora kati ya 1872 na 1875, ndani ya kiwanda cha kutengeneza reli za treni huko Königshütte, siku hizi panaitwa Chorzów, Polandi.

Mimi nimeshika koleo la kubania chuma cha moto miaka miwili kiwanda cha nondo Dar, kwahiyo ile hali naijua, chuma kinatoka kwenye tanuru kimeiva mpaka cheupe, unakidaka unakiingiza kwenye rola, ukizubaa kidogo umeungua. Niliposimama mbele ya ile picha nilihisi joto usoni wallahi. Jamaa wanavyoinama, wanavyokaza mikono kwenye koleo, huwezi kubuni ukiwa umekaa nyumbani, na kweli Menzel alienda mwenyewe kiwandani akachora michoro ya penseli zaidi ya mia, mashine na watu, ndo akaja kuichora yenyewe.

Sasa bango. Karatasi nzito, limekuja ndani ya bomba gumu halina hata mkunjo, na ule moto umetoka vizuri sana. Shida ni kwamba picha halisi ni sentimita 158 kwa 254, wao wanauza 50 kwa 70, haienei, na badala ya kuacha ukingo mweupe wamekata kulia na chini. Na pale kulia chini ndo kuna watu wamejibanza nyuma ya bati wanakula, mmoja anapiga funda la chupa, na binti aliyewaletea kikapu kainua uso anakutazama wewe. Ni yeye tu anayekutazama, wengine wote wapo na yao. Kwangu mimi limebaki bega na kipande cha kikapu!

Imeniuma kweli. Sisi mama ntilie alikuwa anatuletea wali maharage, tunakula humohumo mashine zinanguruma, maana tanuru halikusubiri mtu, na zile dakika chache ndo unajikumbuka kwamba wewe ni mtu. Menzel aliliona hilo akaliweka mbele kabisa, karibu na anayetazama, na mkubwa wa kiwanda mwenye kofia ya duara akamweka mbali huko nyuma, mpaka umtafute. Ukiwakata wale wanaokula umebaki na moto na magurudumu.

Niliwaandikia, wakanipa punguzo la oda ijayo, sikulichukua. Ukitaka kununua popote, kabla hujalipa kuza ile picha ya tangazo uangalie kona ya kulia chini, binti asipoonekana achana nayo, tafuta saizi ya 50 kwa 80, hiyo inakaribia umbo lake halisi. Na ukifika Berlin nenda ukaione yenyewe, ila Jumatatu huwa wamefunga.