WhatsApp kama baraza la ukoo: naipa nyota nne

Ukoo wetu umesambaa Muheza, Mbagala na Mombasa, na binamu mmoja yuko Muscat. Zamani habari ya posa ilimfikia shangazi wa Muheza mtoto keshazaliwa. Kundi moja la WhatsApp hubeba hadi watu 1,024, kwa hiyo hata sisi tunaenea.

Kinachonifanya niipende ni ujumbe wa sauti. Bibi hasomi bila miwani, lakini anabonyeza, anaanza "Haya, hamjambo nyote," anawataja wajukuu mmoja mmoja, jogoo anawika nyuma yake, ndipo anafika kwenye habari yenyewe. Mpwa wangu alipofaulu kidato cha nne, vigelegele vya bibi nusura vipasue spika. Wenye haraka huongeza kasi mara mbili. Mimi kwa bibi siwezi, naona ni utovu wa adabu.

Kura, zilizoingia mwaka 2022, zimetuchagulia sare ya harusi bila ugomvi. Haya, karibu bila. Tangazo la msiba nalo hubandikwa juu hadi siku 30, lisizame chini ya "asubuhi njema" zenye maua za baba mdogo.

Simu ya video ya pamoja huishia watu 32. Kwetu hao ni upande wa mama tu. Na ukijiunga, kazime kwanza upakuaji wa picha kwenye mipangilio, maana arobaini ya mtoto mmoja huku kwetu inajaza simu.